Mashahidi wa Siku ya Kuzaliwa

Nianze na ile nyama, maana mpaka leo sijaisahau. Kila Jumamosi saa sita mchana, mzee niliyemfanyia kazi aliletewa mkate uliopakwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa, mbichi, nyekundu kama kidonda, imevurugwa na yai na haradali. Mbichi! Wabelgiji wanaiita américain na wanaila hadharani bila aibu. Yeye aliila juu ya karatasi zangu. Alilamba kidole, kisha kwa kidole hichohicho akafunua ukurasa. Akimaliza, mbwa wake alipanda kitini akalamba sahani mpaka ikang'aa, na sahani ikarudi jikoni kukaa pamoja na vikombe. Siku nilipogundua hilo nilianza kuja na kikombe changu kutoka nyumbani. Aliniuliza kama ni desturi ya kwetu. Nikamjibu ndiyo, ni desturi ya kwetu.

Alikuwa notari aliyestaafu, yaani mwanasheria wa hati za nyumba na mirathi. Alikaa Ixelles, hapa Brussels, nyumba ndefu nyembamba ya ghorofa nne, dakika kumi kwa miguu kutoka Matonge, mtaa wetu sisi Wakongo, lakini Matonge hakuwahi kukanyaga. Mimi katikati ya wiki nilipanga vifurushi kwenye ghala moja kule Evere. Padri mmoja ndiye aliyemwambia kwamba kuna Mkongo kwenye parokia yake anayesoma Kilatini. Ni kweli, nilikisoma miaka mingi seminarini, Bukavu kwanza, halafu Kinshasa, kabla sijaona kwamba upadri si wangu. Ilikuwa kama mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Notari alinipa ukurasa mmoja kunijaribu, nikamsomea hapohapo, na akaniangalia kama mtu aliyesikia kuku wake akisali rozari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Notari alikuwa anaandika kitabu cha ukoo wake. Alidai kwamba zamani za zamani binti wa kabaila mmoja wa Kiingereza aliolewa huku Brabant, na kutoka tumboni mwake ndiyo wakatoka wao. Baba wa huyo kabaila alikuwa ameoa mara mbili. Mke wa kwanza alikuwa na damu ya mfalme. Wa pili alikuwa binti wa muuza sufu. Basi swali lilikuwa moja tu: kabaila alizaliwa lini? Kama alizaliwa mapema, mama yake ni yule wa kwanza, na notari wangu ana damu ya mfalme. Kama alizaliwa miaka mitatu baadaye, notari ni mjukuu wa muuza sufu. Mimi nisingeona ubaya, angalau wauza sufu hawalali na baridi. Yeye aliona ni sawa na kuambiwa ana ukoma.

Sasa, Waingereza wa enzi zile hawakuandika vizazi. Lakini kabaila mwenye ardhi ya mfalme akifa na kuacha mtoto, mfalme alichukua ardhi na mtoto vilevile, akavishika mpaka mtoto atimize miaka ishirini na mmoja. Siku hiyo ikifika, mtoto alipaswa kuthibitisha umri wake. Vipi? Waliitwa wanaume kumi na wawili wa pale jirani, wakaapa, na kila mmoja akaeleza anakumbukaje siku ile. Mmoja anasema: nakumbuka kwa sababu siku hiyo nilianguka kwenye farasi nikavunjika mguu. Mwingine anasema nilimzika mke wangu. Mwingine nyumba yake iliungua. Mwingine alimwona padri akiandika jina la mtoto kwenye kitabu cha misa. Karani anaandika yote kwa Kilatini, na ngozi ile iliyoandikwa ikabaki mpaka leo. Notari alikuwa na nakala zake zilizopigwa chapa, sanduku zima.

Niliwapenda wale watu, sifichi. Walikuwa kama wa kwetu kabisa. Mama yangu, ukimwuliza ulizaliwa lini, hakukutajia tarehe. Alikwambia: "Ile mwaka ndizi zilioza, mbele ya shangazi yako kuolewa, siku ile mbuzi ya jirani ilikula sabuni." Na ilikuwa kweli, ungeweza kwenda kwa jirani ukamwuliza juu ya sabuni yake. Niliposoma habari za yule mwenye mguu uliovunjika nilimwona anavyochechemea. Kwa majuma mengi nilisahau hata harufu ya ile nyumba, harufu ya mbwa aliyelowa na zulia la vyumba visivyofunguliwa dirisha tangu mkewe notari alipofariki.

Kisha Jumamosi moja nikafungua kitabu kingine, jimbo lingine la Uingereza, mrithi mwingine asiyehusiana na wetu hata kwa mchuzi. Na humo nikamkuta yule wa mguu. Nikamkuta wa mke aliyezikwa. Nikamkuta wa moto. Kumi na wawili, kwa mpangilio uleule, kwa umri uleule, kwa maneno yaleyale, majina tu ndiyo yamebadilishwa. Karani alikuwa na karatasi yake ya mfano, akiletewa mrithi anaijaza. Hakuna aliyeanguka kwenye farasi. Hakuna mke aliyezikwa. Nilihisi kama mtu aliyekunywa maji matamu kisha akaona panya ndani ya mtungi.

Nikamwambia notari. Alikuwa na yai kwenye kidevu.

"Monsieur, hawa watu hawakuwepo. Ushahidi wote umenakiliwa."

"Na tarehe?"

"Tarehe imeandikwa, ndiyo. Lakini kama mashahidi ni wa uongo..."

"Karani alinakili mashahidi, hakunakili tarehe," alisema, akajipangusa. "Tarehe inabaki."

Nikamwonyesha pia karatasi za kifo cha baba yake kabaila, maana kila jimbo alikokuwa na ardhi liliandika yake. Jimbo moja walisema mtoto aliyeachwa ana miaka saba na zaidi. Jimbo la pili walisema kumi na zaidi. Akaniuliza ipi inatufaa. Ipi inatufaa! Nilimwambia ya kumi ndiyo inayompa damu ya mfalme. "Basi weka ya kumi," akasema, "na ile ya saba hatuna haja ya kuwachosha wasomaji." Nilimdharau mpaka kwenye mifupa. Na nikaweka ya kumi. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mstari, nikaenda nyumbani kula.

Nyani haoni kundule. Huo ndio msemo wangu, nitaubeba mpaka kaburini, na sasa nitaeleza kwa nini.

Marehemu dada yangu aliacha binti mmoja. Dada alifariki Bukavu kwa maradhi, na binti akabaki akihamishwa nyumba hadi nyumba, mpaka watu fulani wakamsafirisha kwa njia ambazo sikuuliza sana, akafika Brussels peke yake na begi la mgongoni. Alisema ana miaka kumi na sita. Hakuwa na cheti. Akawekwa kwenye kituo cha watoto waliokuja bila wazazi, akapewa mlezi wa kisheria, akapelekwa shule. Jumapili nilimleta kwangu. Alikuwa anakula wali kwa kijiko kidogo cha chai, taratibu, na ananiita tonton, yaani mjomba, kila baada ya maneno matatu. Alikuwa na paji la uso la dada yangu. Mara ya kwanza nilipomwona kwenye korido ya kituo nilishika ukuta.

Halafu ofisi inayohusika na mambo hayo ikaona ana mwili mkubwa. Wakampeleka kupigwa picha za mifupa: mkono, taya, mtulinga. Daktari ambaye hakumwuliza hata umelalaje akaandika kwamba huyu amepita kumi na nane. Wamempima kama ng'ombe wa mnadani, nilisema hivyo kwa sauti ndani ya basi, abiria wote wakanigeukia. Mtu akihesabiwa mtu mzima, mlezi anaondoka, kituo kinamtoa, na anaweza kurudishwa hata nchi ya kwanza ya Ulaya aliyopitia, ambako hajui mtu. Mtoto alikuwa anaogopa nchi hiyo. Hakusema kilichompata huko, na alipoitaja alikuwa anajikuna mkono mpaka unatoka damu.

Wakili wake, msichana wa Kibelgiji mwenye mafua yasiyokwisha, alipigana. Akapata jambo moja dogo: afisa mmoja alikubali kabla ya uamuzi wa mwisho kuwasikiliza watu waliokuwepo mtoto alipozaliwa. "Ukiwapata," aliniambia, "waje waseme wanachokumbuka. Juste ce qu'ils se rappellent, rien d'autre." Kile wanachokumbuka tu. Neno hilo nalisikia bado.

Na walikuwepo! Brussels ni kijiji. Wamama watatu wa kikundi chetu cha maombi walikuwa wakaaji wa mtaa mmoja na dada yangu kule Bukavu. Mkubwa wao alikaa Saint-Josse, juu ya duka la Mturuki. Wa pili alisuka nywele Matonge. Wa tatu alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaosha, anawabadilisha nguo, na mikono yake ilinuka dawa ile ya kuulia vijidudu hata akija kanisani. Nitasema wazi kwamba nilikuwa naepuka kumpa mkono. Jumapili tukakusanyika kwa yule mkubwa, mtoto hayupo, tukala fufu na sambaza, dagaa wa ziwa la kwetu, halafu nikatoa daftari.

"Bon," nikasema. "Mnakumbuka nini?"

Wakaangaliana. Kisha maman mkubwa akafunga mlango wa jikoni, ingawa hakukuwa na mtu jikoni.

"Papa, dada yako hakukuambiaka?"

Hakuwa ameniambia. Wakati ule nilikuwa Kinshasa seminarini, naandika insha juu ya Mtakatifu Agustino. Nilipata barua miezi mingi baadaye: mtoto wa kike, salama, hospitali. Basi.

"Ilikuwa ile juma vita iliingia Bukavu," alisema. "Nonante-six, mwaka wa tisini na sita, mwezi wa kumi unaisha. Tulikimbilia kwa paroisse, basoda banapita kwa barabara. Tukaingia mu zizi ya nguruwe. Nguruwe zilikuwa mule bado. Dada yako njo alizala pale."

"Mi njo nilimukamata kinywa, mimi ndiye," akasema msusi, "asilie. Aliniuma. Ona." Akaonyesha kidole, kovu la meno mawili.

"Nilikata kitovu na kipande ya chupa," akasema yule wa nyumba ya wazee. "Niliichoma kwanza na briquet, kiberiti ya gesi. Maji haikukuwa. Mutoto alianguka mu mavi ya nguruwe, papa, njo nilimutosha mule, nilimutoa na hizi mikono."

Nilisimama, nikafungua dirisha, nikavuta hewa ya barabarani na moshi wa kebabu. Dada yangu! Dada aliyekuwa anapiga pasi hata taulo, aliyetufundisha sisi wote kunawa mpaka viwiko. Na yule mtoto wa kijiko cha chai. Niliona nguruwe wanasogea. Niliona pua zao. Wale wamama walikaa wananiangalia bila aibu yoyote, na mimi nikawachukia kidogo, kana kwamba wao ndio waliomweka pale.

"Ilikuwa siku gani?" nikauliza, ili niseme kitu.

"Lundi," akasema mkubwa, yaani Jumatatu.

"Aka! Mercredi," akasema msusi, yaani Jumatano.

"Ilikuwa mercredi asubui, lundi tuliingia tu," akasema wa tatu, na wakaanza kubishana nani alikuwa ameleta mihogo siku gani.

Hapo ndipo fundi ndani yangu akaamka. Mimi si ndiye msomaji wa mashahidi? Nilijua shahidi mzuri anasikikaje: anakuja na mguu uliovunjika, na ubatizo, na kitabu cha misa. Hawa walikuwa na mavi na ubishi. Tena mtoto mwenyewe alikuwa ameshaiambia ofisi kwamba alizaliwa hospitalini, kwa sababu mama yake alimwambia hivyo maisha yake yote. Wakija wakasema zizi, si watamfanya mwongo? Hiyo ndiyo sababu niliyowapa, na ni sababu nzuri, hata leo ukiitazama haina tundu. Lakini mimi najua. Sikutaka Mzungu yeyote aandike neno nguruwe kwenye faili la mtoto wa dada yangu.

Basi nikawagawia. Maman mkubwa alikuwa na kovu la zamani kwenye ugoko, aliteleza sokoni. Nikampa ngazi za hospitali: siku ile alikwenda kumwona mzazi, akaanguka, akavunjika mguu, daktari akamfunga plasta palepale. Msusi nikampa ubatizo: mwanawe alibatizwa siku hiyohiyo kwenye kanisa dogo la hospitali. Wa tatu nikampa kitabu: alimwona mtawa akiandika jina la mtoto kwenye daftari kubwa. Unaona nilivyofanya? Karani wa Uingereza alikuwa ameketi pale Saint-Josse, anakula sambaza.

Yule wa nyumba ya wazee alikataa kwanza. "Papa, ile juma hospitali ilikuwa bule, tupu. Hata infirmier moya, muuguzi, hakukuwa. Batu yote balikimbia."

"Na nani hapa Brussels anajua hilo?"

"Mungu anajua."

"Mungu hafanyi kazi ofisini, maman. Tarehe ni ileile. Tarehe inabaki."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Hata sikujisikia. Tukarudia mara tatu, mara nne, mpaka ikateleza. Mtoto nikamwambia tu kwamba wamama watamsaidia. Wakili sikumwambia kitu.

Chumba kilikuwa kidogo, na kapeti ya kijivu na mmea wa plastiki wenye vumbi. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ana biskuti kwenye sahani ambazo hakuna aliyegusa. Mtoto alikaa karibu na wakili. Mimi nilikaa nyuma. Wamama walijua Kifaransa cha kutosha, wakazungumza wenyewe.

Maman mkubwa akaeleza mguu wake. Alieleza vizuri, akavuta soksi, akaonyesha kovu. Msusi akaeleza ubatizo. Nilikuwa nasogeza midomo pamoja naye. Wa tatu alikuwa anaangalia sakafu, na zamu yake ilipofika akasema mtawa, daftari, jina, kama mtu anayetema mbegu.

Afisa aliandika yote. Kisha akamgeukia maman mkubwa.

"Daktari aliyekufunga plasta alikuwa wa hospitali ile?"

"Ndiyo, madame."

"Juma lile la mwisho la Oktoba?"

"Ndiyo."

Akafungua folda nyingine, akatafuta kwa kalamu, bila haraka na bila furaha yoyote. Hilo nalikumbuka, kwamba hakufurahi. "Madame, hizo ni siku ambazo mji ulitekwa. Tunazo taarifa za watu waliokuwepo. Hospitali ile ilikuwa tupu. Hakukuwa na daktari, wala mtawa, wala ubatizo."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Nilitazama kapeti. Nilisikia wakili akipenga kamasi.

Ndipo yule mama wa nyumba ya wazee aliposimama. Hakuomba ruhusa. Akasema yote, Kifaransa na Kiswahili kimechanganyika: zizi, nguruwe, chupa, kinywa kilichoshikwa, buti za wanajeshi zikipita juu ya kokoto. Alisema walikuwa na mihogo mitatu. Alisema mtoto hakulia, wakadhani amekufa, akamnyonya uchafu puani kwa mdomo wake mwenyewe na kuutema, mara mbili, ndipo akapumua. Alionyesha kwa mikono jinsi alivyomshika. Msusi akalia, akatoa kidole chake chenye kovu akakiweka juu ya meza, mbele ya biskuti. Maman mkubwa akasema ilikuwa lundi, na hata pale wakabishana, mbele ya afisa, kwa sauti ya chini. Nimesoma mamia ya mashahidi maishani mwangu. Sijawahi kusikia ushahidi wa kweli kama ule, na ulikuwa na tarehe ambayo dunia nzima ingeweza kuikagua.

Mtoto alikuwa amegeuka kitini, anamtazama yule mama. Hakuwahi kusikia.

Afisa aliweka kalamu. Kisha akauliza, polepole: "Kwa nini hamkuniambia hili kwanza?"

Wote watatu wakageuka kunitazama. Hawakusema jina langu, hawakuninyooshea kidole. Waligeuka tu.

"Monsieur," afisa akaniambia, "mimi nawaamini juu ya zizi. Lakini huyu mtoto mmoja mmenizalia mara mbili ndani ya saa moja, kwa midomo ileile. Nikiandika hivyo, wakubwa wangu watasoma nini? Watasoma picha za mifupa."

Nilitaka kueleza. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, wamama hawana kosa, hospitali ni yangu. Nikafungua mdomo nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayetunga ya tatu. Wakili alinishika mkono nikae.

Kabla barua haijaja, kitabu cha notari kilitoka, jalada la ngozi, herufi za dhahabu. Alialika binamu zake na akanialika na mimi, nikae mwisho wa meza. Walisoma kwa sauti tarehe ya kuzaliwa kwa kabaila, Jumatatu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, wakapiga makofi. Ushahidi uliotungwa na karani mvivu, na mimi ndiye niliyeupigia mstari. Karne zote hizo na hakuna aliyemwuliza kuhusu mifupa yake. Mhudumu akapitisha ile nyama mbichi. Nilitoka, nikatapika barabarani, karibu na baiskeli za watu, na Jumamosi iliyofuata sikurudi. Nisingependa mtu anisifu kwa hilo. Ilikuwa rahisi kumchukia mzee wa watu.

Barua ilisema kwamba maelezo ya mashahidi yanapingana na hayawezi kuzingatiwa, na kwamba mhusika ni mtu mzima. Wakili alikata rufaa, na rufaa ikachukua muda wake, lakini kituo hakikungoja. Walimpa siku tatu aondoke.

Nilikwenda kumchukua. Alikuwa ameshakunja shuka zake, pembe kwa pembe, kama mama yake. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na msichana mdogo wa Kiafghani aliyekuwa amemsuka nywele, na hakuachilia mkono wake. Nilisema tutapambana, nilisema nimepata wakili mwingine, nilisema atalala kwangu mpaka tuone. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyolelewa.

"Nitalala kwa maman," alisema. "Ule wa nyumba ya wazee. Ameniambia nikuye kwake."

"Kwa nini? Kwangu kuna nafasi."

"Nataka anielezeye tena." Akafunga zipu ya begi. "Tonton, ile siku walisema zizi, weye uliinamisha kichwa. Nilikuona. Maman mule ndani alinitosha na mikono, akaninyonya pua. Mama yangu alinifunga na kitenge yake. Bo habakunisikilia kinyaa. Weye njo ulinisikilia."

Nilisema hapana. Nilisema, mwanangu, hapana, si hivyo, ilikuwa kwa ajili yako. Nje mvua ilikuwa imeanza, na basi la kwenda mjini lingefika baada ya dakika kumi. Nikanyoosha mkono nimbebee begi. Alilihamishia bega la pili, akatangulia.